Lori halikuzama, je huo udongo wa mfinyanzi utabeba ghorofa?

"Assalam aleikum mtaalamu. Nimenunua ploti nje kidogo ya Malindi, upande wa bonde la Sabaki, nataka kujenga nyumba ya chini na ghorofa moja juu, kuta za mawe ya matumbawe na slebu katikati. Udongo ni mfinyanzi wa kijivu unaoelekea weusi. Mwezi wa pili tulichimba futi tatu, jembe likawa linadunda tu. Ami yangu ni mwashi wa zaidi ya miaka 30, akaleta lori la mawe likalala juu ya ploti usiku kucha na halikuzama hata inchi, akasema huu udongo ni chuma, tuweke msingi wa futi mbili kama kawaida. Shemeji yangu wa Nairobi yeye asema bila nguzo za kuchimbia chini nyumba itapasuka. Pesa zangu ni za kudunduliza na ami sitaki kumvunjia heshima. Kuna njia ya kupima kweli huu udongo wabeba kiasi gani? Na kuna chochote naweza kupima mwenyewe?"

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na cha kwanza nataka nikwambie umefanya jambo la maana sana kuuliza kabla ya kumwaga zege, manake wengi hutuita nyufa zishafika kwenye dirisha na hapo dawa yake huwa ghali kuliko msingi wenyewe.

Kwa hiyo waniuliza mambo mawili: lile lori ni ushahidi au si ushahidi, na kama si ushahidi, ushahidi wapatikana vipi bila kufilisika.

Nianze na ami. Kama nyumba alizojenga ni za Shela, Barani, Maweni huko, basi uzoefu wake ni wa kweli kabisa na mimi naukubali, lakini huko mara nyingi unachimba kidogo tu unagonga mwamba wa matumbawe au mchanga ulioshikana, na msingi wa futi mbili kwa nyumba ya kawaida wakaa raha mustarehe. Bonde la Sabaki ni ardhi nyingine. Ule mto ndio huohuo Galana, na ndio huohuo Athi unaoanzia bara karibu na Nairobi, na kila mvua ikinyesha huko juu unashuka na matope mpaka bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Yale matope ndiyo yamekuwa yakilala kwenye bonde miaka na miaka, safu juu ya safu, safu ya mchanga leo, safu ya mfinyanzi kesho. Ami hajakosea kazi, ni ardhi iliyobadilika chini ya miguu yake. Mwambie hivo na heshima yake iko palepale.

Sasa lori. Udongo wa mfinyanzi ukikauka unakuwa mgumu kweli, mwezi wa pili kaskazi imevuma wiki kadhaa, jua limekausha futi mbili tatu za juu zikawa kama ganda la mkate. Gurudumu la lori lakanyaga eneo dogo tu, na mzigo wa eneo dogo haufiki mbali chini. Hii ndo kanuni ya kuishika kichwani: mzigo unasikika chini mpaka kina cha kama mara mbili ya upana wa kile kinachokanyaga. Gurudumu la upana wa sentimita 30 linasikika hadi kama sentimita 60, yaani halikutoka hata kwenye ganda. Msingi wa upana wa mita moja unasikika hadi mita mbili, na ukiwa mrefu kama wa ukuta hata zaidi, huko chini ambako jua halijafika na jembe lenu halijafika. Na lori lililala usiku mmoja, nyumba yako italala hapo miaka hamsini inshallah. Kwa hiyo lori limekwambia ganda ni gumu mwezi wa pili. Basi. Kwa mambo ya mita mbili chini halijasema kitu.

Usidhani ni mafundi wa kwetu tu wanaopatwa na hili. Huko Transcona karibu na Winnipeg, Kanada, walijenga ghala kubwa la nafaka juu ya mfinyanzi, wakaupima kwa kupakia mzigo kwenye bamba dogo pale juu, majibu yakaja mazuri. Oktoba 1913 ghala likiwa linajazwa likaanza kudidimia, kisha likalala upande kwa nyuzi kama 27, zima zima kama mtu aliyesinzia. Tabaka la juu lilikuwa gumu kweli kama kipimo kilivyosema, ila chini yake kulikuwa na mfinyanzi laini ambao bamba dogo halikuugusa lakini ghala pana likaugusa. Kipimo cha bamba bado chatumika mpaka leo na ni kizuri, ila mtu akikuletea bamba la sentimita 30 kwenye ploti ya mfinyanzi na akataka kukuandikia ripoti kwa hilo peke yake, mkatalie kwa upole.

Tuingie ndani kidogo nikueleze mfinyanzi hubeba vipi, manake ukielewa hapa hautadanganywa na yeyote. Unaangushwa na mambo matatu, na kila moja lina kipimo chake.

La kwanza ni kukatika. Mzigo ukizidi, udongo chini ya msingi unateleza kama kipande cha halua kilichobanwa na kidole, unatokea pembeni. Nguvu ya udongo kukataa kuteleza hivo inapimwa kwa kilopaskali, na ukitaka kuifikiria kwa uzito, kilopaskali 10 ni kama tani moja kwa kila mita mraba. Kwa msingi mrefu wa ukuta juu ya mfinyanzi, kinachoweza kubebwa kabla ya kuanguka ni kama mara 5 ya hiyo nguvu, alafu tunagawanya kwa 3 ili tulale usingizi. Kwa hiyo mfinyanzi wenye nguvu ya kilopaskali 45 wakupa 45 mara 5 gawanya kwa 3, yaani 75, kama tani saba na nusu kwa mita mraba. Nguvu ya ganda kavu yaweza kufika kilopaskali 150, ambayo kwa hesabu hiyohiyo yakupa tani 25. Waona tofauti? Ardhi ni moja, mwezi wa pili yakwambia 25 na mwezi wa sita baada ya masika yakwambia saba na nusu, na nyumba lazima iishi na ile ndogo.

Sasa linganisha na nyumba yako. Nimepiga hesabu ya juujuu tu: ukuta wa mawe wa chini na wa juu ni kama tani mbili na nusu kwa kila mita ya urefu, slebu pamoja na watu na vyombo ikiegemea ukuta wa katikati kutoka pande zote mbili yaongeza karibu tani tatu, paa nusu tani, msingi wenyewe na ukuta wa chini ya ardhi tani moja hivi. Jumla kama tani saba kwa kila mita ya ukuta wa ndani. Ukikalisha juu ya futi mbili, yaani sentimita 60, unabonyeza karibu tani 12 kwa mita mraba. Ukikalisha juu ya mita moja ni tani saba. Udongo ule wa kilopaskali 45 unakataa ile ya kwanza na kuikubali ya pili, kwa shida kidogo lakini inakubali. Ndo manake swali la "udongo wabeba kiasi gani" halina jibu moja, udongo una nguvu yake na upana wa msingi unachagua wewe. Hizo namba ni za mfano usizipeleke kwa fundi, zako zitatoka kwenye shimo lako.

La pili ni kutitia, na hili ndilo linalopasua nyumba nyingi kuliko kuanguka. Fikiria mama anakamua tui. Nazi iliyokunwa imelowa, yuko na kifumbu, akibana tui halitoki lote kwa mara moja, latoka polepole kupitia vitundu, na kadri linavyotoka ndivyo machicha yanavyopungua ukubwa. Mfinyanzi ni kifumbu chenye vitundu vidogo sana visivyoonekana. Siku unayoweka mzigo, maji yaliyo ndani ndiyo yanaubeba, kwa hiyo waona mambo shwari, alafu miezi na miaka maji yanajipenyeza kutoka na udongo unajibana na nyumba inashuka. Na tabaka likiwa nene mara mbili muda unakuwa mara nne, si mara mbili. Nyumba yote ikishuka sawasawa si taabu sana, taabu ni upande mmoja kuzidi mwingine: kwenye ukuta wa mita 6, tofauti ya sentimita 2 yatosha kuanza kutoa nyufa. Kipimo cha hili kinafanyika maabara, kisahani cha udongo kinawekwa kwenye pete ya chuma, kinapakiwa uzito, kinaachwa siku nzima, kinaongezwa mara mbili, kinaachwa tena, kwa hiyo majibu huchukua zaidi ya wiki na mtu akikuambia kesho tayari ujue hajakifanya.

Na hapa kuna kitu watu wa bondeni wanakisahau kabisa, wanainua ploti kwa sababu ya mafuriko. Wana haki ya kuogopa maji, lakini kifusi cha kina cha mita moja ni karibu tani mbili kwa kila mita mraba, ploti nzima, na kwa sababu ni pana mzigo wake unafika chini sana kuliko wa nyumba. Ukimwaga kifusi leo na kujenga kesho, nyumba inashuka pamoja na kifusi. Kama ni lazima uinue, inua mapema, shindilia tabaka kwa tabaka, kisha kiache kipitiwe na masika moja angalau. Mnara wa Pisa kule Italia ulianza 1173, kazi ikasimama karibu miaka mia, na wataalamu husema kule kusimama ndiko kulikouokoa manake mfinyanzi ulipata muda wa kukamuka na kukaza, wangeendelea moja kwa moja ungeanguka.

La tatu ni kuvimba na kusinyaa. Rangi ya kijivu kuelekea weusi imenifanya nikunje uso kidogo, sisemi ni ule udongo mweusi wa pamba wa bara, rangi peke yake haithibitishi, lakini lazima uangaliwe. Udongo wa aina hiyo waweza kuwa na nguvu ya kutosha na bado ukainua nyumba wakati wa mvua na kuishusha wakati wa kiangazi. Tembea kwenye ploti sai kabla mvua haijaanza: ukiona ardhi imepasuka mistari ambayo kiganja chako kinaingia kwa ubavu, hiyo ni ishara. Angalia nyumba za majirani, nyufa za ngazi ngazi kwenye pembe za madirisha ambazo wenyewe wanakwambia "hufunga masika hufunguka kaskazi", hiyo ni ishara kubwa zaidi.

Umeuliza kama waweza kupima mwenyewe. Ndio, kwa kujua uko wapi, si kwa kujenga. Chimba shimo mbili tatu pembe tofauti za ploti, zifike mita mbili hivi chini, lakini tafadhali sana mtu asiingie ndani ya shimo lililopita kiuno bila kuta kuzuiwa kwa mbao, mfinyanzi huporomoka bila kupiga hodi na tumezika watu kwa hilo. Toa bonge zima kwa koleo kila baada ya nusu mita, liletwe juu, likiwa bado na unyevu wake. Sasa lishike mkononi. Likitokea katikati ya vidole ukifumba ngumi, ni laini sana, chini ya kilopaskali 20, simama hapo usijenge chochote kabla ya injinia kuona. Likifinyangika kwa urahisi ni kati ya 20 na 40. Likifinyangika kwa kukaza vidole sana ni 40 hadi 75. Likikataa kufinyangika lakini kidole gumba kinaacha alama ni 75 hadi 150, na kama ni ukucha tu unaochora basi ni zaidi ya hapo. Andika kila bonge lilitoka kina gani. Nadhani utashangaa, wengi hushangaa: la juu ni gumu kuliko la chini. Na hii ndo sababu "tuchimbe zaidi" si dawa ya kila mahali, kuna ploti ukichimba zaidi unatoka kwenye ganda zuri unakaa kwenye uji.

Kwa kuvimba, kausha udongo kidogo juani, utwange, uchekeche kwa chekeche laini, kisha mimina polepole kiasi cha vijiko viwili vya chakula kwenye glasi nyembamba ndefu yenye maji. Kwanza weka alama ulivyokuwa mkavu kwenye glasi hiyohiyo. Kesho yake angalia ulipofika. Ukiwa umepanda chini ya nusu zaidi ya alama, kwa kawaida si msumbufu. Ukiwa umefika mara mbili, una mfinyanzi wa kuvimba na lazima uambiwe hivo na maabara rasmi.

Hapo ndo mwisho wa mambo ya nyumbani. Nyumba ya chini tu, nyepesi, kwenye mfinyanzi mgumu usiovimba, mwashi mzoefu na injinia wa kupitia mara moja wangetosha. Wewe una slebu na ghorofa kwenye bonde la mto, kwa hiyo mtafute injinia wa ujenzi mwenye leseni ya Engineers Board of Kenya, muombe namba yake uihakikishe, na mradi wenyewe usajiliwe NCA, ile mamlaka ya taifa ya ujenzi, pamoja na kibali cha kaunti. Muulize atapima vipi. Jibu zuri ni kama hili: atatoboa angalau matundu mawili au matatu kwenda mita tano sita au mpaka agonge matumbawe (na huenda yako hapo chini, hiyo ingebadilisha hesabu yote), ataangalia maji yako kina gani, atachukua sampuli ambazo hazijavurugwa kwa bomba la chuma, na kwenye mfinyanzi laini atatumia kile chombo chenye mabawa manne kinachosukumwa chini na kuzungushwa mpaka udongo ukatike. Hicho kwa mfinyanzi laini nakipenda kuliko vyote kwa sababu kinapima udongo palepale ulipolala. Kuna DCP pia, nyundo ya kilo 8 inayoangushwa sentimita 57 na nusu juu ya chuma chenye ncha, ni rahisi na yaonyesha haraka tabaka laini liko wapi, lakini kwenye mfinyanzi mkavu inadanganya kwa namna ileile ya lori. Wakija kupima kabla ya mvua wakumbushe kulowesha sampuli maabara kabla ya kuzibonyeza.

Alafu simamia sampuli zenyewe, hapa nina uchungu wa kweli. Niliwahi kupokea majibu ya ploti moja huku kwetu, udongo niliuona kwa macho yangu ukiwa laini, majibu yakaja kana kwamba ni tofali. Kumbe sampuli zilitoka Malindi mpaka Mombasa zaidi ya kilomita 100 ndani ya gunia nyuma ya pikapu, zikakaa juani siku mbili, zikakauka. Nilimwomba mwenye nyumba arudie na alilipa mara mbili kwa kosa lisilo lake. Bomba likitoka ardhini lizibwe nta pande zote mbili palepale, ukiwa umesimama unaona nta ikigandia, liandikwe kina na namba ya tundu, likae kivulini na lisitingishwe.

Kuhusu nguzo za shemeji: zinafaa, hasa kama kuna tabaka laini nene au udongo unavimba sana, nguzo fupi zenye kitako kilichopanuliwa chini hukwepa ile sehemu inayopanda na kushuka. Lakini ni gharama na zataka mashine, sioni sababu ya kuzilipia kabla ya kujua kama zahitajika. Ukiwa na mfinyanzi wa wastani usiovimba, kupanua msingi na kufunga bimu za chini vizuri mara nyingi hutosha. Ukiwa laini karibu na juu kote, msingi mmoja mpana chini ya nyumba nzima wenye vyuma juu na chini ni mzuri zaidi manake hata ikishuka yashuka pamoja. Kuna wanaokwambia toa mfinyanzi ujaze vifusi vya matumbawe, hilo nalifanya kwa woga: lile shimo lililojaa mawe ndani ya mfinyanzi linageuka birika, maji ya mvua yanajaa humo na kulowesha kilekile ulichokuwa unakimbia. Ukilifanya lazima kuwe na njia ya maji kutoka. Na kwa msingi wowote utakaochagua, maji ya paa yaende mbali na ukuta, shimo la maji taka lisikae karibu na nyumba, na ule mwarubaini mkubwa kama uko mita tatu kutoka ukutani uhesabu kwenye mpango, mizizi yake hunyonya maji ya mfinyanzi upande mmoja tu na upande huo ndio unaozama.

Subiri masika ipite ndugu yangu, miezi mitatu minne si kitu. Mwezi wa sita fungua shimo jipya pembeni mwa lile la kwanza na umuite ami aje. Usimwambie kitu, mpe bonge lililotoka mita moja na nusu alibonyeze kwa kidole gumba mwenyewe, fundi wa miaka 30 kidole chake kitamwambia haraka kuliko ripoti yangu. Na ripoti ya maabara ikija, kabla hujaangalia ile namba kubwa ya mwisho angalia kwanza sampuli ilitolewa kina gani, tarehe gani, na ilibonyezwa ikiwa na unyevu kiasi gani. Kama moja ya hayo matatu halijaandikwa, irudishe.